Jaha Iliyomfunga Ulimi Imamu Ghazali

Kila nifundishapo historia ya maneno tuliyoyatoa katika Kiarabu, hulifikia neno jaha nikasita kidogo. Kwetu sisi jaha ni heri. Mwenye nyota ya jaha husifiwa, na mtoto huombewa awe nayo. Huko lilikotoka, neno hili lina maana ya cheo, yaani ile nafasi anayokuwa nayo mtu katika nyoyo za watu. Na jaha hiyo hiyo ndiyo Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliyoitia miongoni mwa mambo yanayomwangamiza mja, akaiandikia kitabu kizima cha kuilaumu. Aghalabu tunapotaja tamaa huwaza fedha. Ghazali aliiona tamaa nyingine iliyojificha zaidi, na aliiona kwanza ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1058 huko Tus, katika nchi ya Khurasan, ambayo sasa imo katika Iran. Husimuliwa kwamba baba yake alikuwa msokotaji wa sufi, maskini aliyependa kuwasikiliza wanavyuoni, na kwamba alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu. Akiba ilipokwisha, mlezi huyo aliwashauri waingie madrasa, kwa kuwa wanafunzi wa huko walipewa chakula. Baadaye Ghazali hakuficha kwamba njaa ndiyo iliyomwingiza katika elimu, kabla ya Mwenyezi Mungu kuwa shabaha yake. Sidhani yuko mwalimu nchini mwetu atakayemcheka kwa hilo.

Kuna kisa cha ujana wake nikipendacho sana. Alipokuwa akirejea kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, wanyang'anyi walimvamia njiani wakamchukulia kila kitu, pamoja na mkoba wa madaftari yake. Aliwafuata akiwasihi wamrudishie karatasi tu, kwani ndizo elimu yake. Kiongozi wao alicheka, akastaajabia elimu inayoweza kutoweka kwa kuibwa mkoba; kisha akamrudishia. Ghazali alikaa miaka mitatu akiyahifadhi moyoni yote aliyokuwa ameyaandika.

Akaenda Nishapur kusoma kwa al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa zama zile, hadi alipofariki mwalimu huyo mwaka wa 1085. Hapo kijana wa Tus akajiunga na baraza la waziri Nizam al-Mulk, mtu aliyekuwa na nguvu kupita wote katika dola ya Waseljuki baada ya sultani. Mwaka wa 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, waziri alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa zake. Mwanahistoria Ibn al-Jawzi amepokea habari kwamba alipoingia Baghdad, watu waliyakadiria mavazi na mnyama aliyempanda kuwa na thamani ya dinari 500.

Nani angeliita hilo tamaa? Alikuwa akisomesha sheria ya dini, akiwajibu wapotofu, akitunga vitabu. Yote hayo ni ibada kwa sura yake ya nje. Lakini mwaka wa 1092 Nizam al-Mulk aliuawa, na sultani Malik Shah akafa wiki chache baadaye. Yamkini Ghazali alitambua jinsi kamba aliyoning'inia ilivyokuwa nyembamba. Alipoikagua nia yake, kama anavyoeleza katika kitabu alichokisimulia maisha yake, aliona kwamba kilichomsukuma kusomesha si radhi ya Mungu bali ni cheo na sifa zake kuenea. Alijiona amesimama ukingoni mwa genge linalobomoka, na chini yake Moto.

Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia Julai 1095, alivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka. Jioni azma huvunjika. Hatimaye ulimi wake ukafungika. Alitaka kusomesha hata siku moja tu ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halikutoka. Chakula nacho hakikupita. Matabibu waliungama kwamba maradhi yalianzia moyoni na dawa zao hazifiki huko. Mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza namna binadamu anavyosema, sijui kisa kinachonitisha kuliko hiki: msemaji hodari wa Baghdad amesimama mbele ya darasa, na kile kiungo alichokifanyia biashara kimegoma.

Novemba mwaka huo alitangaza kwamba anakwenda Makka, huku moyoni akikusudia Shamu, akichelea kuzuiwa. Alizigawa mali zake, akabakisha cha kuwatosha watoto. Ndugu yake Ahmad akashika nafasi yake. Mjini Dameski alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Alifika Baitul-Mukaddas, kisha al-Khalil, na penye kaburi la Nabii Ibrahimu akaweka nadhiri tatu: asipokee mali ya mtawala, asihudhurie baraza la mtawala, na asishiriki mijadala ya kushindana hadharani. Alipopita tena Baghdad baadaye, mavazi yake yalikadiriwa kuwa ya kirati 15, thamani isiyotimia dinari moja.

Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa Ulumid-Din, vitabu 40, ambavyo masharifu na masheikh wa pwani yetu wamevienzi tangu zamani. Robo ya tatu ni ya maangamizo. Humo mali haikuharamishwa; ameifananisha na nyoka mwenye sumu na dawa ya sumu pia, humfaa ajuaye kumshika. Ila jaha ameiona kuwa ngumu zaidi kuitibu, maana mwenye mali humiliki vitu, na mwenye jaha humiliki nyoyo.

Niseme langu. Nilipopata shahada ya uzamifu nilianza kufundisha katika mabewa matatu kwa wiki moja. Niliwaambia watu kwamba wanafunzi wananihitaji. Siku moja mwanafunzi wa nyuma alikuwa akitamka sentensi zangu kabla sijazisema, kwani alikuwa na nakala ya mihadhara yangu kutoka kwa dadaye aliyeisikia miaka sita kabla. Darasa zima lilicheka. Nilimkumbuka yule mnyang'anyi wa njia ya Jurjan.

Mwaka wa 1106 Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, alimshurutisha Ghazali arudi kusomesha Nidhamiya ya Nishapur. Alikubali, akidai kwamba safari hii anaita watu kwenye elimu inayokifanya cheo kiachwe. Abdul-Ghafir, aliyemjua tangu enzi za kiburi chake, alimzuru mara nyingi akishuku kwamba anajisingizia, mpaka akaridhika kuwa amebadilika kweli. Ghazali mwenyewe hakukaa sana kazini. Alirejea Tus, akafungua madrasa na makazi ya masufi ubavuni mwa nyumba yake, na huko akafariki Desemba 1111.