Barghash: Sultani aliyewaepusha raia na maji ya visima vichafu

WAVUVI waliosongamana kisiwani Remba, Kaunti ya Homa Bay, wamezungukwa na maji ya Ziwa Victoria, ilhali maji salama ya kunywa ni adimu. Kisiwa chenyewe ni mwamba, na kuchimba choo ni kazi ngumu. Mvua ikinyesha, uchafu huteremka hadi pale pale ndoo zinapojazwa. Mwaka 2015 kipindupindu kilizikumba kaunti za Homa Bay na Migori.

Dhiki hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Ndiyo iliyomkabili Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar.

Mwana huyo wa Seyyid Said alijaribu kumpindua nduguye Majid mwaka 1859, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay, India, alikokaa hadi 1861. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1860, ambapo Bombay ilianza kupata maji ya mabomba kutoka bwawa la Vihar.

Kwao Unguja, wakazi wa mji walitegemea visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana vitundu vingi, hivyo maji ya vyoo hupenya upesi na kuingia kisimani kabla ya kuchujika. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Tabibu Mskoti James Christie, aliyekuwapo, alichapisha kitabu kuhusu maafa hayo mwaka 1876.

Barghash alitwaa kiti Oktoba 1870, Majid alipofariki. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza mikarafuu, na mwaka 1873 alilazimika kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hata hivyo, alijenga mfereji wa kuleta mjini maji ya chemchemi zilizo kaskazini, mbali na vyoo. Raia waliteka bila malipo.

Hakuwa mtawala asiye na doa: mashamba ya karafuu yaliyoitajirisha dola yake yalilimwa kwa jasho la watumwa. Alifariki Machi 1888, akiacha jumba la Beit al-Ajaib, ambalo wageni hulisifu kuliko ule mfereji.

Remba haina chemchemi kama zile za Unguja. Lakini kanuni aliyoifuata Barghash ingali ile ile: maji ya kunywa yatoke mahali ambapo kinyesi hakifiki, na gharama ya kuyafikisha isiachiwe mwenye ndoo peke yake.