Föttinger, Mjerumani anayelipandisha gari lako mlima wa Gakindu

Barabara za Mukurwe-ini hazina mchezo. Ukiwa umebeba abiria na magunia kuelekea Gakindu, unapanda, unakata kona, unashuka, halafu unapanda tena. Kama gari lako ni otomatiki la zamani, limeshapiga kilomita laki mbili na ushee, kuna siku utakanyaga mafuta, injini ingurume, na gari lisite kwanza kama punda aliyegoma. Utalaumu injini. Lakini mara nyingi shida iko kwenye giaboksi, na ndani ya giaboksi hiyo kuna kazi ya mtu aliyefariki kabla Kenya haijapata uhuru.

Jina lake ni Hermann Föttinger. Alizaliwa Februari 1877 mjini Nuremberg, Ujerumani. Alisomea uhandisi wa umeme Munich, na mwaka wa 1899, akiwa na miaka 22 tu, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin. Siku hizi mji huo uko Poland na unaitwa Szczecin. Hebu jiweke kwa viatu vyake: umesomea umeme, kazi unayopata ni ya meli.

Na meli za wakati huo zilikuwa na kichwa kigumu. Kulikuwa na injini mpya za mvuke zilizozunguka kwa kasi mno, lakini rafadha, ile panga inayosukuma meli majini, hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Isitoshe, injini hizo hazikuweza kurudi nyuma. Meno ya gia yaliyochongwa enzi hizo hayangehimili nguvu kubwa namna ile. Föttinger alifikiria njia aliyoijua, ya umeme: injini izungushe jenereta, jenereta iendeshe mota, mota izungushe rafadha. Ingefanya kazi, ila ni mzigo mzito na wa bei.

Akawaza tena. Badala ya umeme, kwa nini nguvu isibebwe na maji? Chukua feni mbili, uzielekeze uso kwa uso. Washa moja tu. Utaona ile ya pili inaanza kuzunguka yenyewe, inasukumwa na upepo wa mwenzake. Föttinger aliweka pampu na gurudumu la mapanga karibu karibu ndani ya kasha moja, akalijaza maji, na katikati akatia mapanga mengine ya kugeuza mkondo ili nguvu iongezeke. Chuma hakikugusa chuma. Mwaka wa 1905 akasajili hataza ya uvumbuzi huo.

Ulifika baharini kweli. Meli ya abiria ya Königin Luise, ya mwaka wa 1913, ilitumia mtambo wake. Haikudumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliigeuza ikawa meli ya kutega mabomu, na tarehe 5 Agosti 1914 ikazamishwa. Pigo kubwa zaidi kwa Föttinger lilitoka kwa mafundi wenzake: gia za meno ziliboreshwa zikaanza kuhimili nguvu za meli, na mtambo wake ukawekwa kando.

Mwingine angekata tamaa. Yeye alikuwa ameshageukia ualimu, profesa kule Danzig tangu 1909, kisha Berlin kuanzia 1924, akifundisha jinsi vitu vya majimaji vinavyotembea. Huku nje wengine wakaokota wazo lake. Mwingereza Harold Sinclair alilitoa majini akalileta kwa mitambo ya nchi kavu. Daimler ya Uingereza ikalitia kwenye magari mwaka wa 1930. Marekani, General Motors ikatoa giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic kwa magari ya 1940. Maji yakaondoka, oili ikaingia.

Föttinger hakuona mengi zaidi. Aprili 1945, Berlin ikipigwa mizinga na vita vikikaribia kwisha, kipande cha kombora kilimuua. Alikuwa na miaka 68. Miaka mitatu baadaye Buick ikatoa Dynaflow, giaboksi iliyotegemea konveta ya aina yake.

Sasa rudi kwa gari lako. Kwenye injini, oili hulainisha vyuma. Kwenye giaboksi ya otomatiki inalainisha, inapoza, inabana plati za klachi, na juu ya hayo yote ndiyo inayobeba nguvu ndani ya konveta. Ikichoka, huna kitu. Na mlima wenye mzigo ndio unaoichosha, kwa sababu konveta inapoteleza, nguvu inayopotea inageuka joto.

Utasikia watu wakisema oili ya giaboksi ya gari la zamani isiguswe, ukibadilisha unaiua. Si uongo mtupu, lakini kinachoua mara nyingi si oili mpya. Plati zilikuwa zimeshakwisha, oili mpya ikapewa lawama. Mimi ningehofia zaidi mashine ya kusafisha kwa presha, maana inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijitundu.

Mwambie fundi afungue bakuli la chini, asafishe sumaku, abadilishe chujio, ajaze kiasi kilekile kilichotoka. Itatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta. Endesha wiki kadhaa, rudia. Pima gari likiwa na moto na injini inanguruma, baada ya kupitisha gia zote, kama gari lako lina kijiti. Na soma kitabu cha gari: baadhi ya Fielder na Probox zina CVT, ambayo oili yake si ile ya otomatiki ya kawaida. Ukikosea hapo, utaandaa pesa za giaboksi nyingine.

Kama oili iliyotoka ni nyeusi, inanuka kuungua, na ina vipande vya chuma, hiyo giaboksi imeshaenda. Usinunue lita nyingine, anza kuulizia bei ya ile ya mtumba.