Mwalimu wa Bahari Ahmad bin Majid na Vitabu Vilivyomtetea

Wengi katika sisi watu wa Bondeni tumepata kusikia barazani kwamba aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda Bara Hindi, mwaka 1498, ni Mwarabu Mwislamu, Ahmad bin Majid. Khabari hiyo imekaririwa hata ikadhaniwa kuwa ni yakini. Na aibu yake si ndogo kwa mtu wa Mombasa, kwani miaka saba tu baadaye, Agosti 1505, Wareno wa Francisco de Almeida waliuingia mji huu, wakaupora na kuutia moto. Basi yatupasa tuulize: mtu huyu alikuwa nani, na ushahidi uko wapi?

Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, yapata miaka ya 1430. Baba yake na babu yake walikuwa waalimu wa bahari, yaani waongozi wa vyombo, na baba yake alitunga utenzi wa zaidi ya beti elfu juu ya njia za Bahari ya Sham. Mwana aliirithi elimu ile, lakini hakuipokea kwa kufuata tu. Aliipima kwa safari zake mwenyewe, na alipoona kosa alilisahihisha.

Mwaka 866 Hijria (1462) alitunga Hawiya, juu ya misingi ya elimu ya bahari. Mwaka 895 (1490) akatoa kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Tungo zake zote zakaribia arubaini, na nyingi ni mashairi, ili baharia azihifadhi moyoni.

Asidhani msomaji kwamba hizo ni hadithi za safari. Hivyo ni vitabu vya hesabu. Duara ya mbingu waliigawa vidole 224, yaani vidole vinane kwa kila manzili katika manzili 28 za mwezi. Nahodha alishika kibao chenye uzi, akapima nyota ya Jaha imepanda vidole vingapi juu ya upeo wa bahari, akajua amefika usawa wa bandari gani. Na huku kwetu, kusini ya mstari wa ikweta, ambako Jaha huzama, walipima kwa Farkadani na Naashi. Dira nayo ilikuwa na pande 32. Kwa hesabu hizo vyombo viliingia bandari zetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Sasa tuje kwenye tuhuma. Aliyemtaja Ibn Majid kuwa ndiye aliyewaonyesha Wareno njia, tena akiwa mlevi, ni Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika zaidi ya miaka sabini baada ya safari ile. Waandishi wa Kireno Barros na Castanheda wasema kwamba mwongozi alikuwa mtu wa Gujarati. Jina walilompa, Malemo Kana, si jina la mtu, bali ni cheo: mwalimu, mjuzi wa hesabu za nyota. Na Ibn Majid mwenyewe, katika tungo zilizotufikia, hakudai popote kwamba aliwaongoza.

Twajuaje hayo? Kwa sababu vitabu vilihifadhiwa. Mwaka 1554, huko Ahmedabad, amiri wa Kituruki Sidi Ali Reis alivitumia kutunga kitabu chake al-Muhit. Nakala nyingine zilikaa katika maktaba ya taifa ya Paris, na Gabriel Ferrand akazitoa kwa picha kati ya 1921 na 1923. Utenzi wake wa njia ya Sufala, unaopita pwani hizi zetu, ulikutwa Leningrad, ambayo leo ni St. Petersburg, ukachapishwa na Shumovsky mwaka 1957. Mwaka 1971 Kitab al-Fawaid kilihaririwa Damascus na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Tibbetts.

Tazameni, ndugu zetu! Mtu aliyeandika habari za bahari yetu alitetewa na makabati ya Paris na Leningrad, wala si ya miji iliyomlaumu. Lau karatasi hizo zingaliliwa na mchwa, lawama ingalibaki juu yake milele.

Basi kila mwenye kitabu cha kale nyumbani, kiwe cha falaki, cha nyakati za sala au cha hesabu za mirathi, asikifungie sandukuni wala asikiuze kwa mpita njia. Na akifungue mbele ya wajuao kusoma, kisomwe, kinakiliwe, na jina la mwandishi wake lijulikane. Kukisifu kitabu bila kukisoma hakumfai mwandishi wala wanawe. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, atujaalie na sisi kuwa walinzi wa elimu tuliyoachiwa.