Adrian Atiman, Mtumishi wa Karema

Kumfuata Kristu kuna gharama. Kila Mkristu amelisikia neno hilo tangu siku za katekesimu, na Bwana Wetu mwenyewe alilifundisha kwa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu mali yake. Lakini tukisikia habari ya gharama, mawazo ya wengi wetu huwaendea mara Mashahidi wa Uganda, waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Twawaheshimu, twaimba sifa zao, kisha twasema moyoni kwamba siku zile zimepita. Hakuna mfalme anayetutaka leo tuchague kati ya dini na uhai wetu. Basi tunajiona kana kwamba tumesamehewa deni.

Kwa sababu hiyo yafaa kuzikumbuka habari za mtu mwingine, ambaye hakumwaga damu, bali alilipa gharama ileile kidogo kidogo kwa muda wa miaka 67. Mtu huyo ni Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema. Sisi wa Ihanda na Mbozi nzima hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta. Barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga huingia Ufipa, na ng'ambo ya milima ile, chini kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa uitwao leo Katavi, ndipo ilipo Karema. Yeye alifika huko kwa njia ndefu sana kuliko hiyo.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alikuwa bado mtoto alipotekwa na wezi wa watu, akatenganishwa na wazazi wake, akauzwa. Wafanyabiashara wakamvusha jangwa la Sahara pamoja na bidhaa zao, na huko Algeria, mnamo mwaka 1876, Mapadre Weupe wakalipa fedha wakamkomboa. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa miaka minane tu kabla ya hapo na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali na kusafiri Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Hivyo kijana Atiman alijua kwa mwili wake jambo ambalo sisi tunalijua kwa maneno tu, yaani maana ya mtu kununuliwa kwa bei.

Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba Afrika itahubiriwa vema na Waafrika wenyewe, na kwamba mtu ajuaye kuponya mwili atapokelewa upesi hata pale ambapo mhubiri mtupu angefukuzwa. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, vijana waliokombolewa wasome utabibu katika chuo kikuu cha huko, kisha watumwe barani kuwa matabibu na makatekista, waoe na kukaa kati ya watu kama watu. Atiman alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1888 alimaliza masomo yake, akasafiri hadi Zanzibar, na kutoka pwani akaifuata safari ya miguu pamoja na wamisionari. Mwaka 1889 akaingia Karema.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawakabidhi Mapadre mwaka 1885. Nchi za kandokando ya ziwa zilikuwa bado zikisumbuliwa na wateka watumwa, na watu wengi walikimbilia misioni kutafuta usalama. Fikiri, ndugu msomaji, jinsi moyo wa kijana huyo ulivyokuwa alipokutana na watoto waliotekwa kama alivyotekwa yeye. Aliwafunga vidonda vyao, akawafundisha dini. Kazi hizo mbili hakuzitenganisha tena maisha yake yote.

Hakuna jambo la ajabu katika maisha hayo kama tukitafuta mambo ya kushangaza macho. Asubuhi wagonjwa walimngoja. Wenye homa, wenye majeraha, wazazi wenye watoto walio mahututi. Siku iliyofuata walikuja wengine. Malale yalizipiga pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, kisha ikaja vita kuu ya mwaka 1914. Serikali nazo zilipita mbele ya macho yake. Alikuja kabla Wadachi hawajaimiliki nchi ile ya ziwa, akawaona wakija, akawaona Wabelgiji wakiitwaa Karema mwaka 1916, akaishi chini ya Waingereza hadi kufa kwake mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Bendera zilibadilika, na daktari alikuwa palepale.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende. Mwana wao Yosefu aliitwa na Mungu kuwa Padre, naye akaupokea upadre. Wazazi wanaosoma habari hii wanajua uzito wake. Katika mila zetu mwana wa kiume ndiye aendelezaye jina la baba. Atiman alikuwa ameng'olewa katika ukoo wake akiwa mtoto. Hakuwa na ndugu wala kaburi la babu katika nchi yote ya Tanganyika. Mtu wa namna hiyo angekuwa na haki kuliko wengine ya kutamani wajukuu kwa mwana huyo. Mwana huyo alimtolea Mungu.

Labda mtu atauliza kama kweli Atiman alichagua. Je, kijana aliyenunuliwa na Mapadre, akasomeshwa na Mapadre, akatumwa na Mapadre, alikuwa na hiari gani? Swali hilo ni la haki, wala tusilikwepe. Jibu lake halimo katika siku aliyotumwa, kwani siku ile alikuwa kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, naye aliwatii waliomlea. Jibu limo katika miaka iliyofuata. Alikuwa na elimu ambayo Waafrika wachache mno wa wakati wake walikuwa nayo. Waliomkomboa walikufa mmoja mmoja. Kardinali Lavigerie mwenyewe alikufa mwaka 1892. Hapakuwa na mnyororo wa kumfunga Karema. Kila asubuhi alipofungua mlango wa chumba cha dawa aliichagua upya kazi yake, na hiari ya kweli ni hiyo. Alikuwa mtumwa kwa nguvu za watu wengine, akawa mtumishi kwa moyo wake mwenyewe.

Hapo ndipo maisha yake yanapotugusa sisi wa leo. Gharama ya kumfuata Kristu kwa kawaida haidaiwi mara moja. Inadaiwa kila siku, na kwa hiyo ni rahisi kuikwepa bila mtu yeyote kuona. Mwenye ndoa aliyeahidi mbele ya altare anaikwepa pale anapochoka na mwenzake mgonjwa. Mfanyabiashara aliye mpakani anaikwepa pale anapoona kwamba mkono mtupu haupiti, akajitetea kwamba wote wanafanya hivyo. Mwamini anaikwepa anapohama kanisa hili kwenda lile akimtafuta mhubiri atakayemwahidi gari na utajiri bila msalaba. Na sisi wenye daraja takatifu tunaikwepa tunapoipenda heshima ya kazi kuliko kazi yenyewe.

Wako pia wanaoilipa. Yuko muuguzi aliyepangwa zahanati ya mbali, akabaki huko wenzake walipoomba uhamisho. Yuko katekista wa kigango anayetembea milima ya Mbozi Jumapili hata Jumapili kwa posho isiyotosha sabuni, na mke wake anayebaki kuipalilia kahawa peke yake. Hao ndugu zake Atiman tunawaona kila siku. Tusiwasifu kwa maneno na kuwaacha na njaa. Parokia inayomwita katekista wake mwana wa Kanisa, lakini haiulizi watoto wake wanakula nini, inamlipisha mtu mmoja gharama iliyo ya wote.

Atiman aliheshimiwa katika uzee wake. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la historia la Tanganyika, na leo hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga ina jina lake. Lakini heshima hizo zilikuja baada ya kazi ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeiandika gazetini. Kama angezingoja ndipo afanye kazi, asingefanya hata siku moja.

Wazazi, wasimulieni watoto wenu habari za mtu huyu. Nao vijana walio shuleni na walio njia panda ya Tunduma, wakitafuta maisha, wajiulize: yuko nani au liko jambo gani ambalo nitalichagua tena kesho asubuhi, hata kama hakuna anayenitazama? Anayeweza kulijibu swali hilo amekwisha kuketi na kuhesabu gharama ya mnara wake. Imebaki kujenga, na Mungu huwasaidia wajenzi wasioondoka.