Siti binti Saad: muuza vyungu aliyeiimba kesi ya Kijiti

Ukipita soko la Nyasho asubuhi utawasikia akina mama wa dagaa na sato wakiita wateja. Kila mmoja ana mwito wake, na mwenye sauti nzuri humaliza beseni mapema. Msikilizaji wetu, mwanamke tunayemsimulia leo alianza hivyo hivyo, ila yeye aliuza vyungu.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia maskini ya watu wenye asili ya bara. Jina alilopewa ni Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Ulifutwa kisheria mwaka 1897, yeye akiwa msichana mkubwa. Hakusoma shule wala chuo cha Kurani. Alilima, akafinyanga, akajitwika vyungu kichwani na kutembea karibu kilomita 20 hadi mjini, akiimba ili watu watoke milangoni wanunue.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905. Klabu hiyo ilikuwa ya wanaume, na taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Muhsin alimfundisha kuimba na ala na kutamka Kiarabu. Yote aliyashika kwa kichwa. Sisi tunaosoma habari kutoka kwenye karatasi, na bado ulimi unateleza, tunamvulia kofia.

Akaanza kualikwa kwenye majumba ya matajiri na ya Sultani. Hapo ndipo alipoitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Wapo waliokereka. Walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa umaskini wake na sura yake, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, akili ndiyo yenye thamani.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi santuri za His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki anayejulikana kurekodi kabla yake. Zile santuri zilikuwa za Kiswahili, zikauzwa kwa maelfu, na watu waliokuwa hawawezi kukanyaga jumba la Sultani wakamsikia kwenye migahawa ya kahawa.

Lakini kwa maoni yetu ukubwa wake hauko kwenye safari ile. Uko kwenye alichokiimba. Nyumbani kwake mjini Unguja kikundi chake kilikutana usiku, akiwemo Mbaruku, fundi wa muziki aliyekuwa kipofu, na majirani wakaja na habari za mitaani: nani kaonewa, nani kafungwa, tajiri gani kaponea mahakamani. Habari hizo ziligeuka nyimbo.

Wimbo unaotushika zaidi ni wa Kijiti. Unasimulia juu ya mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyetolewa matembezi usiku na kuuawa. Mwuaji, Kijiti, alitorokea bara. Wanawake waliokuwa na marehemu wakaenda kutoa ushahidi, na kwa mujibu wa wimbo, waliofungwa ni wao. Siti aliimba jina la mwuaji waziwazi, na hukumu ile akaiimba pia. Tukumbuke hapo palikuwa chini ya Sultani na Mwingereza, na mwimbaji alikuwa mwanamke asiye na ukoo wa kumkinga. Kijiti hakupatikana kizimbani, lakini kila aliyekuwa na santuri alijua alichofanya.

Uzeeni alitembelewa na Shaaban Robert, aliyeandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti Binti Saad. Alifariki Julai 1950. Miaka mingi baadaye, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti.

Na wengi wetu tumemsikia bila kujua. Muhogo wa Jang'ombe, ambao Bi Kidude aliuimba hadi ukongwe wake, ulikuwa wimbo wa Siti. Kidude aliujifunza kwa kumsikiliza tu, akiwa msichana.