Gregor Mendel: Mtawa Aliyehesabu Njegere

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu waliotutangulia, leo tunawaletea habari za mtu ambaye jina lake watoto wetu wa sekondari wanalikuta katika somo la biolojia, lakini wengi wetu hatujui kwamba alikuwa mtumishi wa Mungu. Habari zake zinatuhusu. Mtoto anapozaliwa na ualbino, au anapovimba vidole na kulia usiku kwa maumivu ya selimundu (wengine wanaita siko seli), swali la kwanza nyumbani huwa ni ugonjwa huu umetoka kwa nani. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Wengine husema ni laana, wengine uchawi, na ndoa huvunjika. Mtu huyu alipata jibu la swali hilo katika bustani ya njegere.

Utoto wa shida

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Cheki; wakati ule kilikuwa chini ya Dola ya Austria. Wazazi wake walimpa jina Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo, na kwa sheria ya siku zile alilazimika kufanya kazi siku kadhaa za juma katika mashamba ya bwana mwenye ardhi bila malipo. Mwaka 1838, akiwa katika kazi hiyo ya lazima, gogo la mti lilimwangukia kifuani, na tangu siku ile hakurudiwa na nguvu zake.

Johann alikuwa mwanafunzi hodari, lakini wazazi waliweza kulipia nusu tu ya chakula chake shuleni. Alisoma akiwa na njaa, akifundisha wenzake ili apate senti za kujikimu. Alipokaribia kukata tamaa, dada yake mdogo Theresia alimsaidia. Kwa desturi yao, msichana ndiye anayekwenda na mali kwa mume. Theresia alichukua sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake, akampa kaka yake asome. Johann hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa kiume wa Theresia.

Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brünn, ambao leo unaitwa Brno, akapewa jina la kitawa Gregor. Alipata upadri mwaka 1847. Alipopewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa, maumivu aliyoyaona yalimlemea hadi yeye mwenyewe akaugua. Abate wake, Cyrill Napp, hakumdharau. Alimwondoa katika kazi ile, akampeleka kufundisha shule. Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akashindwa. Wakubwa wake walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853 kusoma fizikia na elimu ya mimea. Alirudia mtihani mwaka 1856, na mara hii pia hakufaulu. Alifundisha miaka mingi bila cheti.

Kazi ya bustanini

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika kipande cha bustani chenye urefu wa kama mita 35 na upana wa mita 7. Alichagua njegere kwa sababu aina zake zinatofautiana waziwazi: mbegu za mviringo na zilizokunjamana, za manjano na za kijani, mimea mirefu na mifupi. Alifungua ua changa kwa koleo dogo, akaondoa sehemu za kiume kabla hazijakomaa, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika ua ili wadudu wasiharibu kazi. Alifanya hivyo hadi mwaka 1863, na mimea aliyoichunguza ilifika kama 28,000.

Alipochanganya mmea wa mbegu za mviringo na ule wa mbegu zilizokunjamana, watoto wote walikuwa mviringo. Mtu angesema mkunjo umekwisha kabisa. Lakini alipowaacha watoto hao wazae wenyewe, mkunjo ulirudi kwa wajukuu. Akahesabu moja moja: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja. Kwa rangi alipata mbegu 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Tena tatu kwa moja!

Mendel akaelewa kwamba kila mmea unabeba vitu viwili vya urithi kwa kila sifa, kimoja kutoka upande wa baba na kimoja kutoka upande wa mama. Kimoja kinaweza kutawala na kingine kujificha, lakini kilichojificha hakijafa. Kinapokutana na mwenzake wa aina ile ile, kinaonekana tena. Vitu hivyo leo tunaviita jeni.

Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa mji wake mwezi Februari na Machi 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Hakuna aliyetambua uzito wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na miaka yake ya mwisho ilimezwa na usimamizi pamoja na mgogoro mrefu na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 akiwa na miaka 61. Mji ulimlilia kama abate mwema, si kama mwanasayansi. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu watatu, de Vries, Correns na Tschermak, walipokuta sheria zilezile na kulirudisha jina lake.

Elimu njema mikononi mwa wabaya

Ndugu zangu, hapa inabidi tuseme jambo la kusikitisha. Haikuchukua muda watu wakaanza kuutumia urithi kupima nani anastahili kuzaa. Jimbo la Indiana, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1907 ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioonekana dhaifu. Majimbo mengine yakafuata, na zaidi ya watu 60,000 walifanyiwa hivyo nchini humo. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake mwaka 1933, na watu kama 400,000 walifungwa uzazi. Kuanzia 1939 ilianza kuwaua walemavu. Sisi wa Maziwa Makuu pia tunajua habari za wakoloni waliopima pua na vimo vya watu, wakawaandikia makabila kwenye vitambulisho. Njegere za Mendel hazikufundisha kwamba kuna damu bora na damu duni. Watu ndio waliotafuta kisingizio.

Katika siku zetu elimu hii imefika mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya selimundu inayorekebisha jeni. Chembe za uboho za mgonjwa hutolewa, jeni moja hukatwa kwa kifaa kidogo mno kinachofanya kazi kama mkasi, kisha chembe hurudishwa mwilini, na mgonjwa huanza kutengeneza damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Tumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Lakini bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja, na wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika.

Tiba hiyo inamgusa mgonjwa peke yake. Jambo jingine ni kubadilisha jeni za mtoto kabla hajazaliwa, maana badiliko hilo litarithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowabadilisha hivyo. Wanasayansi wenzake duniani walimlaani, na mwaka 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tuache kumlaumu mama. Selimundu na ualbino hufuata njia ya mbegu zilizokunjamana: baba na mama wote wawili hubeba jeni iliyojificha, wakiwa wazima bila kujua. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuipata mara mbili ni mmoja kati ya minne. Si kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba inaanza hesabu upya. Mume anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anamfukuza kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikileta nusu yake.

Pili, vijana wanaojiandaa kwa ndoa waulize kliniki kama kipimo cha selimundu kinapatikana. Kujua si kukosa imani. Na mwenye mtoto mgonjwa asimfiche nyumbani. Ampeleke mapema, maana zipo dawa za kawaida zinazopunguza maumivu na hatari.

Tatu, watoto wenye ualbino ni watoto wetu. Tunakumbuka mauaji yaliyotokea Tanzania na Burundi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watu wakitafuta utajiri kwa viungo vyao. Hakuna bahati ndani ya mifupa ya mtoto. Kuna jeni mbili zilizokutana, na kuna mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Wanafunzi walipomwuliza Bwana juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, kama alikosa yeye au wazazi wake, Bwana alikataa lawama zote mbili (Yohana 9). Nasi tukatae.

Mungu azibariki nyumba zenu.