Mtu wa Kumi na Moja

Yamkini wapo wasomaji wetu watakaostaajabu kuiona safu hii, ambayo kwa desturi hushughulika na korosho, ufuta na safari za mashua baina ya Kilwa Masoko na Songo Songo, leo inazungumza habari za mpira wa Wamarekani. Twaomba watuvumilie. Mtu tunayemkumbuka alijifunza lugha yetu ilhali hakujaaliwa kuiona pwani yetu, na jina lake lilipata kuondolewa katika orodha ambamo lilistahili kuwamo. Ukurasa huu husomwa na maafisa, ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kuandika orodha. Husomwa pia na watu wa visiwani, ambao mara nyingi hungoja kuambiwa kama majina yao yamo. Kwa hiyo habari hii inawahusu wote.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, mjini Princeton katika jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hata akawa mchungaji wa kanisa. Watu wa Kilwa hawana haja ya kuelezwa utumwa ni nini. Bandari ya Kivinje ilikuwa mlango wake mkubwa katika karne ya 19. Mama yake alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa masomo, akaingia Chuo cha Rutgers. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu tangu chuo hicho kianzishwe, na kwa wakati ule alikuwa peke yake.

Mpira uchezwao huko si kandanda tuijuayo. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili, hubebwa mikononi, na kazi ya wapinzani ni kumwangusha aliyeubeba. Kwa idadi tu ndipo tunapofanana nao: 11 kwa 11. Robeson alipojitokeza kufanya majaribio, vijana waliotazamiwa kuwa wenzake walimvamia siku ya kwanza, wakamvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani siku kadhaa. Aliporejea, mmoja wao alimkanyaga mkono kwa kiatu cha njumu hata kucha zikang'oka. Hapo alighadhibika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimnyanyua mchezaji mmoja juu ya kichwa chake, na alikuwa tayari kumbwaga chini pale kocha, George Foster Sanford, alipopaza sauti kumwarifu kwamba amekubaliwa timuni.

Mwaka 1916 chuo kiliadhimisha miaka 150, na katika sherehe hizo ilialikwa timu ya Washington and Lee kutoka Virginia. Wageni walikataa kucheza endapo mtu mweusi angekuwamo uwanjani. Wenyeji wakaridhia, Robeson akawekwa nje. Sisi twaliona kosa hili kuwa zito kuliko ile pua iliyovunjwa. Lile la kwanza lilikuwa ujinga wa vijana. Hili lilikuwa uamuzi wa wakubwa wenye elimu, uliofanywa kwa adabu ili kumstahi mgeni.

Msimu wa 1917 ndio uliomtangaza. Rutgers walicheza michezo tisa, wakashinda saba, wakatoka sare mmoja na kupoteza mmoja tu, walipofungwa na Syracuse 14 kwa 10. Ile sare ya 7 kwa 7 ilikuwa na West Virginia, ambao nao walitaka Robeson asicheze. Safari hii Sanford alikataa katakata, naye Robeson akacheza. Mchezo wa mwisho ulifanyika Brooklyn tarehe 24 Novemba dhidi ya askari wa akiba wa jeshi la majini kutoka Newport, kikosi kilichojaa wachezaji mashuhuri walioitwa vitani. Chuo kidogo cha Rutgers kiliwashinda 14 kwa 0. Mwaka uliofuata Walter Camp, ambaye uteuzi wake ulisubiriwa na nchi nzima, alimweka Robeson katika timu bora ya taifa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nasi tutayapita upesi. Alihitimu mwaka 1919 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, akasomea sheria, akaiacha kwa sababu ya ubaguzi, akawa mwimbaji na mwigizaji. Akiwa London katika miaka ya 1930 alisoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, katika chuo cha lugha za mashariki. Mwaka 1935 ilionyeshwa filamu ya Sanders of the River, ambamo Robeson aliigiza chifu, na Jomo Kenyatta alikuwamo katika kundi la waigizaji wadogo. Filamu ile ilitoka ikiwasifu wakoloni, na Robeson aliikana. Kuanzia mwaka 1937 alishiriki kuunda na kuongoza baraza lililotetea uhuru wa Afrika huko Marekani.

Msimamo huo ulimponza. Mwaka 1950 serikali ya nchi yake ilimnyang'anya pasipoti, na hakurudishiwa hadi mwaka 1958. Kipindi hicho hicho kilitoka kitabu kikubwa cha kumbukumbu za mpira wa vyuo. Timu bora ya mwaka 1918 ilichapwa humo ikiwa na wachezaji kumi. Aliyeitayarisha orodha ile bila shaka alijua kuhesabu.

Hapa kwetu Kivinje upo mnara wa Mwembe Kinyonga, walikonyongwa wapiganaji wa Maji Maji iliyoanza mwaka 1905. Ni wangapi miongoni mwetu wawezao kuyataja majina kumi ya waliokufa pale? Wazee wenye kuyahifadhi wanapungua, na daftari la kuyaandika halihitaji fungu la bajeti.

Robeson alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Ukumbi wa Heshima wa mpira wa vyuo ulimwandika mwaka 1995, miaka 77 tangu Camp alipomteua.